Kumpendekeza mwalimu kuwa Profesa Mashuhuri: nimeipitia huduma hii mwanzo hadi mwisho, haya ndiyo maoni yangu

Nyota nne kati ya tano.

Nimeanza na nyota kwa sababu najua wengi watakaosoma hapa wako katika idara za lugha na fasihi za Afrika huku Marekani, wana mzee mmoja idarani kwao anayestahili heshima kubwa, na wanachotaka kujua ni kama kumwandalia jalada kuna tija au ni kupoteza miezi. Kuna tija. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja nitakayoifikia, na sababu hiyo inaniuma kuliko usumbufu wote wa mtandaoni nitakaoueleza kabla yake.

Kwa asiyejua: ngazi za ualimu wa chuo kikuu huku huanza na profesa msaidizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa kamili, na walio wengi hukaa hapo mpaka wanastaafu. Juu ya hapo vyuo vingi vimeweka ngazi moja ya ziada, ya Profesa Mashuhuri. Majina hutofautiana. Harvard walianzisha cheo chao cha namna hiyo mwaka 1935, na anayekipata huruhusiwa kufanya utafiti katika kitivo chochote cha chuo. Kwenye mfumo wa vyuo vya umma vya jimbo la New York, SUNY, wenye kampasi 64, cheo hutolewa na Bodi ya Wadhamini peke yake, na kina matawi manne: utafiti, huduma, ufundishaji na ukutubi. Huko SUNY Wakenya wanamjua Makau Mutua, mwanasheria wa kampasi ya Buffalo, aliyepewa. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa Profesa Mashuhuri katika Chuo Kikuu cha California kampasi ya Irvine, alikohamia mwaka 2002.

Watu hukichanganya cheo hiki na kiti. Kiti kina mfuko wake wa fedha na jina la mtu au la wafadhili, na anayekikalia akiondoka hukaliwa na mwingine. Ali Mazrui alipohamia Binghamton, kampasi nyingine ya SUNY, mwaka 1989 alikalia kiti cha Albert Schweitzer. Kule Dar es Salaam, Kigoda cha Mwalimu Nyerere, alichokifungua Issa Shivji mwaka 2008, ni cha aina hiyo hiyo. Profesa Mashuhuri hampishi mtu. Akishapewa ni chake.

Chuo chetu ni cha umma, kikubwa, katika jimbo lenye theluji, na sitakitaja kwa sababu nina malalamiko. Mimi ni profesa mshiriki, mtu wa Tanga. Niliyempendekeza ni mzee wa Kilwa Kivinje ambaye sisi sote idarani, Wamarekani kwa Waafrika, tunamwita Maalim. Amefundisha fonolojia ya Kiswahili na fasihi simulizi tangu kabla sijamaliza shule ya msingi. Kazi yake kubwa ni msamiati wa mabaharia na mafundi wa vyombo wa pwani ya kusini ya Tanzania: Kilwa, Songosongo, Mafia, Jibondo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ameiandika kwa Kiswahili. Shikilieni hapo, maana ndipo mambo yote yalipokwama na ndipo yalipokwamuka.

Sharti la kwanza la chuo chetu, kama ilivyo sehemu nyingi, ni kwamba mtu hajipendekezi. Lazima mwenzake amwandikie. Nalipenda sharti hili kwa moyo wote. Wazee wetu hawajui kujisifu, na hata wakijua hawataki. Sharti linamlazimisha mdogo mtu aketi, asome kazi za mkubwa wake kuanzia ya kwanza, kisha aeleze kwa maandishi thamani yake ni nini. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni kwa Maalim kila siku, shikamoo Maalim, marahaba mwanangu, na vitabu vyake vitatu nilikuwa nimevisoma nilipokuwa mwanafunzi. Makala zake za miaka ya themanini sikuwa nimezisoma. Huduma hii ndiyo iliyonisomesha, na hata kama asingepewa kitu ningeihesabia nyota kwa hilo.

Mwongozo wenyewe umeandikwa vizuri. Unaeleza wazi kinachotakiwa: barua ya mpendekezaji isiyozidi kurasa tano, wasifu kamili wa mpendekezwa, barua ya mkuu wa idara, barua ya mkuu wa kitivo, na barua za watathmini wa nje zisizopungua sita. Kisha kamati ya maprofesa wenye cheo hicho hicho hulipitia jalada, humshauri provosti, yaani mkuu wa taaluma wa chuo, provosti humshauri rais wa chuo, na mwisho bodi hupiga kura. Tarehe zote ziko mwanzoni mwa mwongozo. Ofisi ya provosti huitisha kikao cha maelekezo mwanzoni mwa muhula, na nawasihi msikikose, kwa sababu pale unaweza kuuliza maswali ambayo kwa barua pepe yangekuchukua wiki.

Wasifu wa Maalim ulikuwa na kurasa nyingi na mpangilio wa zamani, nusu yake ilipigwa taipu ndipo baadaye ikaskaniwa. Nilikwenda ofisini kwake tuupange upya. Alikuwa ameweka mbele mambo ambayo kamati haitayatazama mara mbili, kamati alizokaa, mikutano aliyohudhuria, na mwisho kabisa, chini ya kichwa cha habari "Mengineyo", palikuwa na mstari mmoja: rekodi za sauti za mafundi na manahodha, 1978 hadi 1994. Nikamuuliza ziko wapi. Akainuka polepole, akafungua kabati la chuma nyuma ya mlango, na humo mlikuwa na makasha ya viatu yaliyojaa kaseti za TDK, kila moja ina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: jina la mahali, jina la fundi, msimu. "Jibondo, kusi." "Songosongo, kaskazi." Akatia moja kwenye redio yake. Ilianza na sauti ya nyundo, kisha mzee mmoja akawa anazitaja sehemu za chombo huku akizigonga moja moja ili zisikike: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali. Kila neno na mlio wake wa mbao. Maalim kijana akasikika akiuliza pamba ya kukalafati inatiwaje, na yule fundi akacheka akamwambia, njoo utie wewe.

Nikamwambia, Maalim, hii haiwezi kukaa kwenye Mengineyo. Akasema, "Mwanangu, hizo si zangu. Ni zao, mimi nilishika redio tu." Nikaelewa kwa nini hakuwa amepewa cheo miaka yote ile.

Sasa usumbufu. Mfumo wa mtandaoni unataka ujaze idadi ya mara ambazo kazi za mpendekezwa zimenukuliwa, pamoja na kipimo cha h. Kwa wasiokifahamu, kipimo hiki kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na maandishi 20 ambayo kila moja limenukuliwa walau mara 20, h yako ni 20. Wanafizikia wanaoandika makala nyingi fupi katika majarida yanayosomwa na kompyuta kinawafaa kiasi. Mtu aliyechapisha katika Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, majarida ya Dar es Salaam ambayo kwa miaka mingi yalitoka kwa karatasi tu, kompyuta haimuoni. Waliomnukuu nao wamechapisha kwenye karatasi, kwa hiyo hata kunukuliwa kwake hakuonekani. Na kazi za msamiati zina tatizo jingine: zinatumiwa kila siku bila kutajwa. Ni nani aandikaye chini ya insha yake kwamba alifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 kuhakikisha maana? Kamusi hiyo imewalea waandishi wa nchi nzima, lakini kwa kipimo cha h ni kama haipo.

Kisanduku hicho kwenye fomu hakirukiki. Ukikiacha wazi mfumo haukubali kuendelea. Niliweka namba ndogo iliyotokea, na katika barua yangu nikatenga ukurasa mzima kueleza kwa nini ni ndogo. Hapa nawapa kitu cha kutumia. Kuna matamko matatu ambayo wanakamati wengi wa sayansi wanayaheshimu, kwa hiyo ukiyataja hawasemi unatafuta visingizio. La kwanza ni Tamko la San Francisco, DORA, lililotokana na mkutano wa 2012, linalotaka kazi ya mtu ipimwe kwa yaliyomo, si kwa umaarufu wa jarida. La pili ni Ilani ya Leiden ya 2015, yenye kanuni kumi, mojawapo ikitaka utafiti wenye maana kwa mahali fulani na kwa lugha ya mahali hapo ulindwe. La tatu ni Mwito wa Helsinki wa 2019 kuhusu wingi wa lugha katika mawasiliano ya kitaaluma. Niliyataja yote matatu katika aya moja fupi, nikaendelea na kazi ya Maalim yenyewe. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu wa kemia, alinisimamisha baadaye kwenye maegesho ya magari akaniambia aya ile ndiyo iliyomfanya arudi kusoma jalada upya.

Barua za watathmini wa nje ndizo zilizonichosha. Mtathmini asiwe amefundishwa na mpendekezwa, asiwe amemfundisha, asiwe ameandika naye, asiwe amewahi kufanya kazi naye chuo kimoja. Kwa fani yenye watu maelfu hilo ni rahisi. Kwa isimu ya Kiswahili, dunia nzima tunajuana. Ukienda kwenye Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, linalofanyika tangu miaka ya themanini, au mkutano wa CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, huku Marekani, utakuta nusu ya ukumbi walifundishwa na nusu nyingine. Kumpata mtu anayeijua kazi ya Maalim vya kutosha kuihukumu, na ambaye hakuwahi kunywa chai kwake, kulihitaji subira nyingi. Ushauri wangu: msitafute ndani ya Kiswahili peke yake. Mimi niliwapata wawili nje kabisa, mmoja mtu wa akiolojia ya bahari na mwingine mtaalamu wa misamiati ya mabaharia wa Bahari ya Hindi upande wa Uarabuni na Gujarati. Hawa walikuwa wakitumia kazi ya Maalim bila kumjua hata sura, na hicho ndicho kamati inachokitaka hasa.

Ila mtu niliyemtaka kuliko wote alikuwa profesa mmoja wa Tanzania, bingwa wa fani hii asiye na mfano. Mfumo unamtaka mpendekezaji achague chuo cha mtathmini kutoka kwenye orodha ya kubofya. Orodha ilikuwa na vyuo vya Marekani, Kanada, Ulaya, Australia, na vichache vya Asia. Afrika Mashariki yote, kuanzia Makerere mpaka Dar es Salaam, haikuwemo. Nikabofya "Kingine". Ukibofya "Kingine" mfumo unakufungulia kisanduku cha kueleza kwa nini chuo hicho kina hadhi ya kutosha kumtathmini profesa wetu. Nilikijaza. Nilikaa kimya kwa muda mbele ya kile kisanduku kabla ya kuandika, kwa sababu nilihisi naombwa nithibitishe kwamba watu wa Kiswahili wanakijua Kiswahili.

Kisha mfumo ukamtumia yule profesa kiungo cha kupakia barua, na kiungo kikataka namba ya siri inayokuja kwenye simu, na namba ya siri haikufika kwenye simu ya Tanzania. Siku zikaenda, kiungo kikaisha muda. Hapa naomba niseme jambo zuri kwa sauti: dada anayeshughulikia tuzo katika ofisi ya provosti alikuwa hazina. Nilimpigia, akasikiliza mpaka mwisho, akasema barua inaweza kuja kwa barua pepe moja kwa moja kwake, na kwamba tarehe ya mwisho haitamhesabia yule profesa muda uliopotea kwa kosa la mfumo. Nikamuuliza pia kitu ambacho mwongozo haukukitaja: je, barua ikiandikwa kwa Kiswahili? Akaenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba inakubalika mradi iambatane na tafsiri iliyofanywa na mtu asiyehusika na jalada. Ilifanyika hivyo. Sijaiona barua hiyo mpaka leo na sitakiwi kuiona, ila nafurahi kujua kwamba imo katika kumbukumbu za chuo, kwa Kiswahili, kurasa zake zote.

Mzunguko wa kwanza jalada lilirudi. Kamati iliandika sentensi mbili: mchango wa mpendekezwa katika fani yake hauna shaka, ila athari yake nje ya fani haijaonyeshwa vya kutosha. Sikufurahi, na mkuu wetu wa idara alikasirika kuliko mimi. Lakini nikisema kweli, sentensi ya pili ilikuwa na msingi. Mwongozo unaruhusu jalada lililorudi kuwasilishwa tena mwaka unaofuata bila kuanza barua zote upya, na huo ni utaratibu wa kiungwana. Vyuo vingine, kwa ninavyosikia kwa wenzangu, hutaka uanze moja.

Mwaka ule wa pili tulifanya kazi ya kukusanya ushahidi ambao hauna namba ya h. Tuliangalia WorldCat kuona vitabu vyake vimo katika maktaba zipi, tukavikuta katika mabara ambayo hata mwenyewe hakutarajia. Tuliwaandikia walimu wa vyuo vingine tukaomba mihtasari ya masomo yao, tukaona ni wapi kazi yake inasomeshwa. Yule mtu wa akiolojia ya bahari akatuambia kwamba vipande vya vyombo vinapoopolewa, istilahi za kuvieleza huzitoa kwenye orodha ya Maalim, kwa sababu hakuna orodha nyingine iliyotoka vinywani mwa mafundi wenyewe. Tukakiweka hicho mbele. Na zile kaseti zikatoka kwenye Mengineyo zikawa sehemu ya kwanza ya barua yangu, na mfano wa dakika tatu tuliupakia kama kiambatisho, nyundo na kila kitu. Mfumo unakubali faili za sauti. Hilo wengi hawalijui, na kwa fani zetu ni mlango mkubwa. Mtu wa fasihi simulizi au muziki asiache kuutumia.

Akapewa.

Rais wa chuo alimpigia simu mwenyewe. Maalim alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni, hakuketi, akaniambia, "Binti Tanga, ndiyo uliyokuwa unanichimbachimba nayo haya?" Kisha akaniombea dua pale pale, ndefu, kwa Kiarabu na Kiswahili, na katibu wa idara ambaye ni mtu wa Wisconsin akasimama na yeye akainamisha kichwa mpaka ikaisha.

Kinachokuja na cheo, kwa wanaouliza: nyongeza inayoingia katika mshahara wa msingi, ambayo kwa mtu anayekaribia kustaafu ina maana kubwa kuliko marupurupu ya mara moja, mfuko mdogo wa utafiti wa kila mwaka, medali, na mhadhara wa hadhara. Mhadhara Maalim aliuanza kwa Kiswahili bila kuomba radhi, akatoa tafsiri mwenyewe aya kwa aya. Mfuko wa utafiti ameuelekeza wote kwenye kaseti. Maktaba ya chuo ndiyo inayozihamishia kwenye kompyuta. Baadhi zilikuwa zimeota ukungu mweupe, na fundi wa sauti analazimika kuutoa utepe kwenye kasha lake la zamani na kuutia kwenye jipya kabla ya kuucheza. Nakala moja inakwenda Tanzania. Hilo Maalim aliliweka kama sharti, na chuo kilikubali kwa maandishi. Kabla ya cheo tulikuwa tumeiomba maktaba kazi hiyo hiyo tukaambiwa hakuna bajeti. Ofisi zile zile, watu wale wale, zilifunguka ghafla barua ilipokuwa na jina la Profesa Mashuhuri chini yake. Anayesema vyeo hivi ni mapambo tu, hajawahi kuomba kitu bila kuwa na cheo.

Sasa nyota niliyoizuia.

Mwongozo wetu unasema mpendekezwa awe amekuwa profesa kamili kwa walau miaka mitano. Tazameni idara zenu. Ni nani anayefundisha Kiswahili huku Marekani? Tangu sheria ya Marekani ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa ya 1958 ilipofungua fedha za serikali kwa lugha kama zetu, madarasa yamekuwepo, na walimu wake kwa sehemu kubwa ni wahadhiri wa mikataba, pamoja na vijana wa mpango wa Fulbright wanaokuja kusaidia kwa mwaka mmoja kisha wakarudi nyumbani. Hawamo katika ngazi inayoishia uprofesa. Mwenzangu mmoja hapa, mama wa Kimvita, ndiye anayewapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza siku wanapoingia hawajui hata kusema jambo, na ndiye aliyewafundisha nusu ya watu ambao sasa wanaandika tasnifu kuhusu Afrika Mashariki katika idara za historia, afya na siasa za nchi hii. Ametunga vitabu vya kufundishia ambavyo vyuo vingine wanavitumia kwa kunakili tu. Mkataba wake huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Nilipofungua mfumo kuona kama anaweza kupendekezwa, orodha ya vyeo haikuwa na cheo chake. Hapakuwa hata na "Kingine".

Hili si jambo lisilowezekana. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kiliweka ngazi ya mhadhiri mwandamizi mashuhuri, kwa ajili ya watu walio katika mkondo wa uhadhiri. Ngazi ya namna hiyo haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Inahitaji seneti ya wahadhiri ikubali kuiandika katika kanuni, na chuo kikubali kuilipia.

Tumewasilisha pendekezo. Saini zimetoka idara za Kihispania, Kiarabu, Kikorea, Kiyoruba na lugha ya ishara, kwa sababu wote wana mtu kama yule mama. Maalim aliweka saini yake ya kwanza na cheo chake kipya chini yake, akaniambia niipeleke karatasi ile juu ya zote. Seneti inaijadili muhula ujao. Yule mama nimeshamuomba wasifu wake, na vitabu vyake vya kufundishia ninavyo mezani. Naanza kuvisoma kuanzia cha kwanza.